Re: GPA iko chini ya 2.0, mzee nyumbani nitamwambiaje?

> Muhula wa kwanza nimetoka na GPA (wastani wa alama) ya 1.6 kati ya 4.0 kwenye krediti 15. Niko Marekani kwa F-1, viza ya mwanafunzi, baba ndiye analipa ada kutoka Dar. Chuo kimeniletea barua ya probesheni. Nianzie wapi?

Pole, mdogo wangu. Kabla ya simu, pita ofisi mbili: kwa mshauri wako wa masomo na kwa DSO, ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mzee akishatulia atauliza mambo matatu: umefukuzwa? Viza ikoje? Hela yangu imekwenda wapi? Ukijibu "sijui" hata kwa moja, atakayepigiwa baadaye ni baba mdogo wa Houston, na kuanzia hapo mambo yako yanaendeshwa na kamati.

Kufukuzwa: hujadisko. Probesheni ni onyo, na barua inasema umepewa muda gani kurudi 2.0, mara nyingi muhula mmoja au miwili. Mpelekee hesabu. 1.6 mara 15 ni pointi 24. Kufika 2.0 kwa krediti 30 zinatakiwa 60, kwa hiyo muhula huu utafute 36: wastani wa 2.4, yaani B mbili (pointi 3 kila krediti) na C tatu (pointi 2) kwa masomo matano ya krediti 3. Hilo mzee analielewa. Anayeficha mpaka krediti 60 akiwa na 1.6 ile ile, muhula unaofuata wa krediti 15 anadaiwa wastani wa 3.6, na huyo ndiye anayedisko kweli.

Viza: alama mbovu peke yake haivunji F-1. Kinachovunja ni kushuka chini ya krediti 12 bila ruhusa. Wengi huharibu hapa: somo linamshinda, analiacha kimya kimya kuokoa GPA, anabaki na 9. DSO anaweza kukuruhusu kupunguza, hasa kama shida ni lugha, ufundishaji usiouzoea au kupangiwa somo la ngazi isiyokufaa, lakini ruhusa itangulie, usishuke chini ya 6, na sababu hiyo hutumika mara moja tu kwa ngazi hiyo ya masomo. Ukisimamishwa chuo, SEVIS, yaani rekodi yako ya F-1 serikalini, inafungwa, na zile siku 60 za kujiandaa kuondoka wanazopewa wanaohitimu huzipati.

Hela: atauliza sapu, mtihani wa marudio, ni lini. Huku kwa kawaida hakuna sapu. Somo linarudiwa zima na kulipiwa upya, krediti 3 mara bei ya krediti. Uliza pia kama alama mpya inafuta ya zamani au zinachanganywa, maana kila chuo kina lake. Kama una ufadhili wenye masharti ya GPA, liseme kwenye simu hiyo hiyo. Habari mbaya ya pili wiki mbili baadaye inaonekana uongo.

---

Naongezea. Mzee aliyesoma UDSM anasoma GPA kwa 5, na huko 2.7 ni lower second, daraja la pili la chini. Huku 2.7 kwa 4 ni B-. Andika 1.6/4.0 kila mara, na kando yake kiwango cha kubaki chuoni, 2.0/4.0.

Piga Jumamosi. Majira haya ya baridi, saa nne asubuhi New York ni saa kumi na mbili jioni Dar. Anza: "Shikamoo baba. Nina jambo la masomo, si zuri, na ofisini nimeshakwenda." Kisha taja namba. Usianze na homa wala baridi, hata kama ni kweli. Sababu aziulize mwenyewe. Ukimaliza, mtumie skrinshoti ya matokeo yote, sio ya somo ulilofaulu. Chini ya FERPA, sheria ya faragha ya rekodi za wanafunzi, chuo kwa kawaida hakimpi matokeo bila idhini yako ya maandishi, kwa hiyo ukikata nusu ukurasa hana pa kuhakikisha, na wazee hulijua hilo haraka.

---

Mimi sikubaliani na wanaoshauri mama aambiwe kwanza "amwandae". Unambebesha siri, na baba akigundua wanagombana wao. Waite wote, spika iwe wazi, na nje ya grupu la ukoo la WhatsApp.

Na piga kabla ada ya muhula haijatumwa. Huenda wakaamua uhamie community college ya bei nafuu: SEVIS yako huhamishwa ukiwa bado halali, na unahitaji barua ya kukubaliwa huko kabla DSO hajaiachia. Muhula ukishaanza, ada inayorudishwa hupungua wiki hadi wiki. Tarehe ziko kwenye kalenda ya chuo.