Fuvu dogo la jamii ya bweha: ni la mtoto au la mnyama mwingine?

MwalimuNjoro

Habarini wadau. Kabati la maabara yetu huku Njoro lina mafuvu sita ya jamii ya mbwa. Kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) kipo, ila vibandiko vilishabanduka. Matatu ni ya bweha mgongo-mweusi waliokomaa, sm 15 na kitu, hayo hayanisumbui. Kazi iko kwa haya madogo:

A: sm 11 hivi, kichwa cha mviringo, pua fupi, meno membamba.
B: urefu ni ule ule wa A, lakini limejaa meno madogo madogo, mengi kupita kiasi.
C: sm 13, na taya la juu lina chonge mbili mbili kila upande.

Nataka kuyapanga mstari mmoja, kutoka dogo hadi kubwa, wanafunzi waone fuvu linavyokua. Inafaa? Na nikitaka kupima, nipime wapi?

Mifupa_KSM

Mwalimu, usipange kwa ukubwa. Anza na meno, ukubwa uje baadaye.

B litoe kwenye mstari. Kwa maelezo yako hilo ni la bweha masikio mzima, si la mtoto. Hakikisha hivi: bweha mgongo-mweusi, mbwa mwitu na hata mbwa wa nyumbani wakikomaa huwa na meno 42. Bweha masikio ana 46 hadi 50, kwa kuwa ana magego ya ziada nyuma, na hana magego makubwa ya kukatia nyama maana riziki yake ni mchwa na mende. Meno yakiwa yamedondoka, hesabu matundu. Kisha shika taya la chini, tazama ukingo wake wa chini kuelekea nyuma: kuna kipande cha mfupa kilichoshuka, mbele kidogo ya pembe ya taya. Bweha mgongo-mweusi hana hicho, awe mtoto au mzee.

A ni mtoto ikiwa utahesabu meno 28: kila nusu ya taya ina meno matatu ya mbele, chonge moja na magego matatu. Chonge za utotoni ni nyembamba, zimepinda, ncha yake kama sindano. Lile gego dogo kabisa linalofuata chonge halina mtangulizi wa utotoni, kwa hiyo ukiliona limetoka, mnyama tayari ameingia miezi ya kubadilisha meno.

C ndilo johari yako, lilinde. Chonge mbili upande mmoja ni ya utotoni na ya ukubwani zikiwa zimekutana kabla ya ile ya zamani kung'oka. Juu, chonge mpya hutokea mbele ya ile ya zamani. Chini hutokea upande wa ndani, kwenye ulimi. Kwa ratiba ya mbwa wa nyumbani, ambayo ndiyo hutumika kukadiria, meno ya mbele hubadilika miezi 3 hadi 5, chonge na magego ya mbele miezi 4 hadi 6, na gego la mwisho kabisa la chini hutoka miezi 6 hadi 7. Kwa hiyo C ana miezi mitano hivi. Chungulia nyuma kabisa ya taya la chini: gego la mwisho likiwa bado ndani ya mfupa, au kuna shimo tu lenye kingo zilizochongoka, makadirio hayo yanasimama.

Jambo moja ambalo wengi hulipita: meno ya kukatia nyama huhama. Kwa mtoto, yanayofanya kazi hiyo ni gego la tatu la utotoni juu na la nne chini (yale magego matatu huhesabiwa la pili hadi la nne, kwa kuwa la kwanza halina la utotoni). Kwa mkubwa, ni gego la nne la mbele juu na gego kubwa la kwanza la nyuma chini, yaani kazi imerudi nyuma nafasi moja. Taya linaporefuka, jino la kukata likibaki palepale litakuwa mbali na bawaba ya taya na nguvu itapungua. Weka A na fuvu kubwa sambamba, wanafunzi wataliona wenyewe.

VetNaks

Mifupa_KSM amemaliza habari ya meno. Mimi naongeza maungio, kwa sababu baada ya miezi saba meno yote 42 yapo na hayakwambii tena mtoto ni nani.

Pindua fuvu, tazama sakafu yake. Mbele ya tundu kubwa la uti wa mgongo kuna mfupa bapa, na mwisho wake wa mbele kuna mstari unaokata upande hadi upande. Kwa mbwa mstari huo huziba miezi 8 hadi 10. Ukiona mwanya, au ukucha unanasa, huyo hajakomaa hata kama ana meno yote. Ungio linalofuata mbele yake huchelewa zaidi, hupita mwaka. Kinyume chake, vipande vinavyozunguka tundu lenyewe, ambavyo ni vinne mtoto anapozaliwa, hushikana mapema, kabla ya miezi sita. Kwa hiyo A linaweza kuwa na nyufa pale na C lisiwe nazo.

Kisha gusa mfupa. Wa mtoto una vitundu vidogo vidogo, unakwaruza kidogo. Wa mkubwa ni laini na mgumu.

Juu ya utosi tazama mistari miwili inayotoka nyuma ya macho. Hapo ndipo msuli wa kutafuna unapoishia. Kwa mtoto mistari iko mbalimbali. Ubongo hufikia ukubwa wake mapema, fuvu la nyuma likasimama, lakini msuli unaendelea kunenepa na kupanda juu hadi mistari inakutana katikati. Hapo mfupa hauna njia ila kuinuka kuwa ukingo. Kwa bweha mgongo-mweusi ukingo ni mdogo, kwa mbwa mwitu ni mkubwa. Bweha masikio mistari yake haikutani kamwe hata azeeke, ndiyo maana B linaweza kukudanganya kuwa ni la mtoto.

Kama kliniki iliyo karibu ina mashine ya eksirei, piga picha ya chonge za yale mafuvu makubwa. Mzizi wenye ncha iliyo wazi ni wa mnyama asiyefika mwaka. Baada ya hapo uwazi wa ndani ya jino unazidi kuwa mwembamba mwaka hadi mwaka.

Kalipa_Eldoret

Kupima: tumia kalipa (kipimio chenye taya mbili), soma hadi sehemu ya kumi ya milimita, kila kipimo mara tatu, chukua wastani. Vipimo vitano vinatosha:

1. Urefu wa fuvu, toka mbele ya mfupa wa meno ya mbele hadi nyuma ya vifundo viwili vya kisogo.
2. Upana wa matao ya mashavu, pale palipo papana zaidi.
3. Upana wa bakuli la ubongo.
4. Urefu wa kibofu cha mfupa cha sikio, kile kivimbe cha mviringo chini ya fuvu.
5. Urefu wa pua, toka mbele hadi ukingo wa mbele wa tundu la jicho.

Gawanya kila kimoja kwa urefu wa fuvu. Uwiano wa pua utapanda mnyama akikua. Wa ubongo na wa sikio utashuka, kwa kuwa sehemu hizo zilitangulia. Kwa hiyo mtoto si mkubwa aliyepunguzwa. Kwa mafuvu matano huwezi kuchora mstari wa ukuaji wa kuaminika, ila mwelekeo utaonekana wazi. Usimchanganye B kwenye hesabu, ataharibu kila kitu.

Wanafunzi wakikuambia mbwa wa nyumbani ni mbwa mwitu wa Ulaya aliyekwama utotoni, wape kazi ya kupima. Mtafiti Abby Drake alilichunguza hilo mwaka 2011: umbo la fuvu la mbwa mzima si lile la mtoto wa mbwa mwitu huyo.

MwalimuNjoro

Asanteni sana. Nimehesabu: A ni 28, B ni 48 na kile kipande cha chini ya taya kipo. Taya la chini la A limeachana katikati, na fuvu lina mafuta ya njano. Nilichemshe na jiki?

VetNaks

La! Usichemshe, wala usitie jiki. Maji yanayotokota hufungua maungio ya mtoto na kupasua meno. Jiki huendelea kula mfupa hata baada ya kusuuza, baada ya muda unabaki unga. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, badilisha maji yakishakuwa na ukungu wa mafuta. Fuvu la mtoto litie ndani ya soksi ya nailoni kwanza, na maji uyamwage kupitia chujio la chai. Jino la utotoni likienda na maji halirudi. Ukitaka weupe, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Kausha kivulini, jua linapindisha mfupa mwembamba.

Taya kuachana si hasara. Kwa jamii hii nusu mbili haziungani kuwa mfupa mmoja hata uzeeni. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, maana inafunguka kwa maji ukihitaji kupima tena. Superglu usiguse.

Na mkiletewa mzoga mpya siku nyingine, usiukate. Bweha hubeba kichaa cha mbwa, na mwaka 2015 kimeta kiliua nyati hapo Lake Nakuru. Piga simu KWS.

Mifupa_KSM

Vibandiko vipya viandike kwa penseli au wino usiofutika: jinsia kama inajulikana, mahali, tarehe, namba ya kibali, na hali ya meno. Umri uandike "makadirio". Ukikuta daftari la zamani linasema "bweha wa dhahabu", acha maneno hayo yalivyo na uongeze maelezo pembeni. Tangu 2015 yule wa Afrika anahesabiwa kuwa spishi yake, mbali na yule wa Asia na Ulaya.