Kuhamia usanifu wa mafunzo: shahada ya uzamili, cheti kifupi au kujifunza mwenyewe?

Mhasibu_Anayehama
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa muda mrefu, na sehemu ya kazi ambayo haijawahi kunichosha ni kuwaelekeza makarani wapya mpaka waweze kusimama wenyewe. Nimeamua kuhamia usanifu wa mafunzo, yaani kazi ya kupanga na kutengeneza kozi za kufundishia watu, kwa sababu nataka kazi ambayo matunda yake nitayaona kwa watu na si kwenye majedwali pekee. Mbele yangu zipo njia tatu: shahada ya uzamili, cheti cha miezi michache kwa njia ya mtandao, au kujifunza mwenyewe huku nikikusanya jalada la kazi zangu. Naomba mnilinganishie njia hizo, hasa ninyi mliozipitia.

Kalamu_na_Skrini
Nilipitia shahada ya uzamili na sijutii, ingawa sitamshauri kila mtu aifuate. Ubora wake ni kwamba inakulazimisha kukaa na maswali ambayo anayejifunza peke yake huyaruka. Mfano ni hoja ya mwanasaikolojia wa elimu John Sweller, aliyeandika mwaka 1988 kuhusu mzigo unaoielemea akili ya mtu anapojifunza, au utafiti wa mwanasaikolojia mwenzake Richard Mayer unaoonyesha kwamba picha ikiambatana na maelezo ya sauti, kuyaandika tena maneno yale yale kwenye skrini mara nyingi humpunguzia mwanafunzi uelewa badala ya kumwongezea. Ukiyajua hayo, unaweza kumweleza mteja kwa hoja kwa nini umefuta nusu ya slaidi zake. Udhaifu wa shahada ni muda na ada, na pia unaweza kuhitimu ukiwa umeandika insha nyingi kuliko kozi. Ikiwa shabaha yako ni kufanya kazi chuo kikuu, ifikirie kwa uzito, kwa kuwa huko vyeti vya kitaaluma hutazamwa mapema.

Fundi_Somo
Kwa heshima zote, mimi nimekaa upande wa wanaosaili, na kilichonishawishi mara nyingi ni jalada la kazi. Nieleweke vizuri: sisemi jalada linalong'aa. Michoro inayorukaruka haithibitishi lolote zaidi ya kwamba mwombaji anaijua programu.

Mwombaji mmoja alituletea somo fupi la kupokea malipo. Skrini ya kwanza haikuwa na orodha ya malengo wala historia ya kampuni. Ilikuwa na karani, foleni ya wateja, na hundi ambayo kiasi kilichoandikwa kwa tarakimu hakilingani na kiasi kilichoandikwa kwa maneno. Swali lilikuwa moja: utafanya nini sasa? Ukiipokea, skrini iliyofuata ilikuonyesha hundi ikirudishwa na mteja akipigiwa simu. Ukiikataa kwa ukali, mteja aliondoka na malipo yake. Chini yake mwombaji aliambatisha ukurasa mmoja unaoeleza ni kosa gani makarani walikuwa wakilifanya, ni mambo gani aliyaacha nje ya somo na kwa nini. Ukurasa huo ulituambia mengi kuliko somo lenyewe.

Kwa upande wa zana za kutengenezea kozi, Articulate Storyline na Adobe Captivate ni za kulipia, lakini Moodle, jukwaa la kuendeshea kozi mtandaoni, na H5P, ya kutengenezea mazoezi shirikishi, ni programu huria, nazo zinatosha kwa mazoezi. Jifunze pia SCORM, kanuni zinazoiwezesha kozi iliyotengenezwa kwa programu moja kufunguka katika mfumo mwingine na kutunza alama za mwanafunzi.

Msomi_wa_Usiku
Naomba niitetee njia ya cheti, kwa sababu wengine tuna familia na kazi za mchana, na bila tarehe ya kuwasilisha zoezi hatumalizi kitu. Hata hivyo vyeti havilingani. Kuna kozi ambazo hukukaririsha hatua tano za ADDIE, yaani uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini, kisha hukupa karatasi. Mfumo huo ulitokana na kazi iliyofanywa na Florida State University katika miaka ya 1970 kwa ajili ya jeshi la Marekani. Una manufaa yake, lakini kuukariri hakukufanyi msanifu. Kabla ya kulipa, uliza ni nani atakayeisoma kazi yako na kukupa maoni, na kama utatoka ukiwa na kozi iliyokamilika.

Mama_Mitaala
Mwanangu Mhasibu, hawa wenzako wamejibu la njia, nami nataka kugusa hiyo maana unayoitafuta. Sehemu kubwa ya maombi utakayopokea yatakuwa ya kozi ambazo watu huzisoma kwa sababu wamelazimishwa. Meneja atakujia na jibu mkononi: "Tutengenezee kozi." Niliwahi kuombwa kozi ya kuripoti ajali ndogo ghalani. Nilipowauliza wafanyakazi wenyewe, nikakuta utaratibu wanaujua barabara, ila fomu ilihitaji saini ya msimamizi, na zamu ya usiku haikuwa na msimamizi. Kozi haikuhitajika, fomu ndiyo iliyobadilishwa. Kazi hii ina maana kwa anayeweza kuuliza maswali ya namna hiyo na kuvumilia uso uliokunjwa wa aliyekuja na bajeti yake.

Kwa hiyo naongeza njia ya nne, ambayo naiweka mbele ya hizo tatu: anzia hapo hapo ulipo. Tafuta kosa moja ambalo makarani wako hulirudia, lisanifie somo dogo, kisha uangalie baada ya muda kama kosa limepungua. Mtaalamu wa tathmini ya mafunzo Donald Kirkpatrick alipopendekeza mwaka 1959 kupima mafunzo kwa jinsi washiriki walivyoyapokea, kujifunza, mwenendo kazini na matokeo, alitaja viwango ambavyo wengi wetu hukwama kwenye cha kwanza kwa kukosa takwimu. Wewe mhasibu takwimu unazo mezani. Baada ya hapo utajua kama unachopungukiwa ni nadharia, nidhamu au zana, na ada yako itakwenda panapostahili.

Mhasibu_Anayehama
Ahsante mama, na ahsanteni nyote. Nitaanza na usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, maana huko makosa hujirudia kila mwezi. Swali moja limebaki: somo nililolitengeneza kwa ajili ya mwajiri, ninaruhusiwa kuliweka kwenye jalada langu?

Fundi_Somo
Usiliweke bila idhini ya maandishi. Ukinyimwa, tengeneza toleo jingine lenye kampuni ya kubuni, tarakimu mpya na picha zako mwenyewe, kisha uandike waziwazi kwamba mazingira ni ya kubuni. Ule ukurasa wa maelezo uubakize, lakini usitaje ndani yake kiasi wala jina lolote la ofisini kwenu.