Siku mbili tatu Pirenópolis na mama watoto: twendeje?

Kutoka Brasília:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Mama watoto amemaliza mitihani yake ya uuguzi, na muda mrefu hatujatoka nje ya mji. Tunasikia Pirenópolis, ule mji mdogo wa jimbo la Goiás hapa Brazil, panafaa kwa watu wawili kupumzika. Gari hatuna, na hela ni ya kuhesabu. Twende lini, na mtoni kuna usalama?

Kutoka Goiânia:

Marahaba mdogo wangu, mpe shemeji hongera zangu. Nendeni, ila msiende wikendi. Kuanzia Ijumaa jioni watu wa Brasília na wa huku kwetu hujazana pale, bei za vyumba hupanda, na pousada nyingi, yaani nyumba ndogo za wageni, hazitaki mgeni wa usiku mmoja. Jumatano au Alhamisi mwenye nyumba hata ukimwomba apunguze atakusikiliza. Mwanzoni mwa wiki migahawa mingi hufungwa.

Basi lipo, umbali ni kama kilomita 150. Bebeni vitambulisho halisi, msitegemee picha ya simu. Mjini mtatembea kwa miguu tu. Njia zimetandikwa mawe, kwa hiyo shemeji aviache viatu vya visigino. Ni mji wa wachimba dhahabu wa tangu 1727. Ingieni kanisa la Matriz, yaani kanisa mama la mji: liliungua 2002, likajengwa upya na kufunguliwa 2006.

Maporomoko ya maji yako mbali kidogo, mengi ndani ya mashamba ya watu, na kila mtu hulipa kiingilio. Patana na dereva bei ya kwenda na kurudi, na saa ya kuja kuwachukua, kabla hamjapanda. Huko mtandao wa simu ni wa kubahatisha.

Sasa mto, hapo nisikilizeni vizuri. Mei hadi Septemba ni kiangazi, maji ni maangavu na ya baridi, ogeni kwa raha zenu. Mvua zikianza Oktoba mambo hubadilika. Inaweza kunyesha huko juu milimani na ninyi mlipo jua linawaka, kisha maji yakashuka yote kwa mpigo. Wenyeji huyaita cabeça d'água, na yameua watu. Mkiona maji yamegeuka rangi, majani na vijiti vinaelea, au mngurumo umeongezeka, tokeni palepale na mpande juu. Viatu na simu viacheni.

Kutoka Anápolis:

Kaka amesema yote ya mto, naongeza mawili. Pentekoste ikiwa karibu, ahirisheni. Ndiyo sikukuu ya Divino, yaani ya Roho Mtakatifu: siku tatu wapanda farasi, wenye buluu kwa wenye nyekundu, wanaigiza vita vya zamani vya Wakristo na Wamori (Waislamu wa Afrika Kaskazini), na vijana wenye vinyago vya vichwa vya ng'ombe wanapita mitaani na farasi wao. Naipenda mno sherehe ile, ila utulivu mnaoutafuta hamtaupata.

La pili ni pequi, tunda la njano wanalopika na wali au kuku. Harufu yake ni kali, na mimi sasa siwezi kula wali wa Goiás bila hiyo. Shemeji asiing'ate hata kidogo! Kokwa yake imejaa miiba myembamba kama nywele, ikiingia kwenye ulimi mtaitoa kwa kibano hospitalini. Mnaishika kwa vidole na kukwangua nyama ya juu kwa meno ya mbele, taratibu, mkianza kuona weupe mnaacha.