Mjadala: Msibani, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa" inafariji au inafunga watu midomo?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno. Mimi ni Mkristo, Biblia inalala kando ya mto wangu mpaka leo, kwa hiyo anayetaka kuniombea nirudi kundini asijisumbue, sijatoka.

Mwaka juzi nilimzika mwanangu wa miaka tisa. Aliugua siku nne tu. Siku ya pili ya msiba nimekaa kwenye mkeka, kina mama wamenizunguka, nikaanza kulia kwa sauti, kile kilio cha kuuliza: mbona mimi, mbona yeye? Mama mmoja wa kanisani, mtu mwema kabisa, akanishika mkono: "Nyamaza mama, usimkufuru Mungu. Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Nikanyamaza. Nilinyamaza karibu mwaka mzima. Huko nje chini ya turubai mhubiri naye akageuza mazishi kuwa mkutano wa injili: nani yuko tayari leo, anyooshe mkono. Na jeneza liko mbele yake, lile dogo jeupe.

Hoja yangu ni hii. Tunasoma mstari huo, Ayubu 1:21, tunafunga kitabu. Kitabu kina sura 42! Sura ya tatu Ayubu huyohuyo analaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walipofika waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, hakuna aliyesema neno. Hapo walifanya la maana. Walipofungua midomo wakaharibu. Na mwishoni Mungu anawakasirikia wao waliokuwa na majibu yote, aliyelalamika ndiye anaambiwa amenena sawa. Mbona hii sijawahi kuisikia chini ya turubai?

Mzee wa kanisa

Mwanangu, pole sana. Pole ya dhati. Ila niruhusu nikupinge. Nimeongoza ibada za mazishi zaidi ya miaka ishirini. Watu wanaokuja msibani hawana maneno. Fundi, mwalimu, muuza mkaa, wote wanasimama pale mikono imening'inia. Ule mstari ni kama fimbo ya kuegemea, kila mtu anaujua, anayeanza husaidiwa kumalizia. Ukiuondoa, utasikia yale mengine: "kuna mkono wa mtu hapa", "alirogwa", na familia inaanza kutazamana vibaya kabla hata kaburi halijakauka. Mimi nimeshuhudia ukoo unasambaratika hivyo. Bora "Bwana ametwaa" kuliko "shangazi ametwaa".

Na Paulo kawaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Hilo nalo ni Neno.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Hoja ya uchawi umenishika, sikuwa nimeifikiria. Lakini Paulo hakuandika "msihuzunike" akaweka nukta. Amesema msihuzunike *kama* wasio na matumaini. Kuhuzunika kumo humo ndani. Na Warumi 12:15 kaandika huyohuyo: lieni pamoja nao waliao. Hakusema wanyamazisheni.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Niongezee la wodini. Usiku wa manane wagonjwa wengi huniomba niwasomee Zaburi 23, hata wale ambao mchana wanajifanya wagumu. Ukifika "nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti" unaona mabega yanashuka, anapumua. Hiyo nguvu ipo, nimeiona kwa macho, asiniambie mtu ni maneno tu.

Lakini nimejifunza kutofautisha. Mstari alioomba mgonjwa mwenyewe unamtuliza. Mstari alioletewa saa ya kutazama wagonjwa mara nyingi unamtuliza aliyeuleta, kwa sababu anaogopa kukaa kimya kando ya kitanda.

Na kuna ubaya zaidi ya huo. Mtu anaambiwa "kwa kupigwa kwake sisi tumepona", Isaya 53, basi anaacha dawa zake za ARV. Miezi kadhaa baadaye tunampokea kabebwa. Hapo si mjadala wa faraja tena. Huyo aliyemwambia siku hiyo hatumwoni wodini.

Dereva wa bajaji

Mimi nyuma ya bajaji nimebandika Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nilibandika nilipokuwa nadaiwa marejesho. Juzi abiria, mzee mmoja, akaniuliza kama nimewahi kusoma mstari wa 10. Nikasoma foleni ikiwa imesimama. Kumbe ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, wanaambiwa watakaa huko miaka sabini! Wajenge nyumba, wapande bustani, wasidanganywe na manabii wanaosema karibuni tu tunarudi. Sijaubandua. Ila sasa nikiuangalia nauona mzito zaidi, si kama bahati nasibu.

Jirani Mwislamu

Naomba nichungulie, maana msiba wetu mtaani ni mmoja, sufuria zenu ndizo zetu. Kwetu pia lipo: "Inna lillahi" hulisema kila mtu, na wapo wanaolitumia kumfokea mfiwa asilie. Lakini Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim alitokwa na machozi. Alipoulizwa akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, ila hatusemi lisilomridhisha Mola. Kwa hiyo subira na machozi vinakaa chumba kimoja.

Mleta mada

Asante jirani. Na Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, naye anajua atamfufua baada ya dakika chache.

Niwaambie kilichonitoa. Turubai limeshang'olewa, wageni wameondoka, bibi wa nyumba ya tatu akaja na kilo ya vitunguu. Hakuniambia kitu. Alikaa jikoni kwangu akavimenya vyote, akavikatakata, akaviacha kwenye beseni, akaondoka. Wiki iliyofuata akaja tena. Akaja hivyo miezi. Siku moja akaniuliza, "Nikusomee?" Nikasema sitaki kutwaliwa tena. Akacheka kidogo. Akafungua Zaburi 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Nikamwambia bibi, hii imo kwenye Biblia? Akasema, "Imo. Na ya 88 hiyo inaisha gizani kabisa, haina hata aleluya." Nililia palepale kwenye beseni la vitunguu, na hakuna aliyenishika mkono ninyamaze.

Mzee wa kanisa

Bado siwezi kuuacha ule mstari, mwanangu, nitakudanganya nikisema vinginevyo. Kesho kutwa nina mazishi, kijana wa bodaboda, mama yake ni mjane. Nitasoma Ayubu 1 kama kawaida. Kisha nitafungua sura ya tatu niisome yote, ile Ayubu anayolaani siku yake. Wazee wenzangu watanishangaa. Mwito wa kunyoosha mikono nitauacha, huo hata mimi ulikuwa unanikwaza.

Huyo bibi yako anasali wapi?

Mleta mada

Hasali popote siku hizi mzee, miguu imemkataa. Anasomea jikoni.