Yule "mtaalamu wa nyumba za kale" kapiga lipu juu ya jina la babu!!!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, bado natetemeka. Yule jamaa mnamjua wote, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye kofia ya ujenzi ambayo haijawahi kuguswa na vumbi. Tumemkabidhi nyumba ya ukoo, ya mawe na chokaa, aikarabati "kwa kuheshimu historia". Maneno yake hayo.

Juu ya mlango wa mbele babu alichora jina lake na mwaka aliomaliza kujenga, kwa ncha ya msumari, chokaa ikiwa mbichi. Herufi ya mwisho imebanwa pembeni, nafasi ilimwishia mzee. Leo nafika, NAKUTA LIPU. Saruji tupu, laini, na juu yake rangi ya mafuta. Namuuliza maandishi yako wapi, ananijibu: "Ile mikwaruzo? Nimewasafishia bure."

BURE!

Saruji aliyomwaga inatosha bwawa la umeme. Ukuta ule unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa kwa kupumua. Ukiuziba, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inasukuma, lipu inabanduka na vipande vya jiwe. Lakini hayo tisa. Kumi ni "nimewasafishia bure"!

FundiMstaafu: Pole. Hati miliki ya uvumbuzi wa saruji ya Portland ni ya 1824 tu, chokaa ilishasimamisha majumba maelfu ya miaka. Usibomoe kwa nyundo. Tindo, taratibu, huenda jina lipo chini.

Mleta uzi: Aliparua kwanza ili saruji ishike. Kanieleza mwenyewe, anatabasamu. Mikwaruzo!!

KaratasiKuukuu: Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka ukarabati ukome pale makisio yanapoanza.

Ndundu: Wa huyu ulikoma pale saruji ilipokwisha 😂

MtotoWaShangazi: Mleta uzi acha maigizo. Paa linavuja miaka nenda rudi hukuonekana, leo ndiyo una uchungu na msumari wa babu?

Kimya: Huyo huyo kwetu aling'oa madirisha ya mbao ngumu akaweka alumini. Zile mbao sijui zilikoenda.

Ndundu: Unajua vizuri sana zilikoenda.

Popote: Afadhali nyie mna nyumba. Wajomba zangu wamegawana ya kwetu, mmoja juu, mmoja chini. Sasa wanagombea ngazi.

MtotoWaShangazi: Ngazi ni ya wa juu. Wa chini anapanda kwenda wapi?

Kimya: Ni ya wa chini, ipo kwake.

Popote: Wa chini ameshaweka kuni pale. Wa juu anapitia dirishani.

FundiMstaafu: Dirisha la mbao au la alumini?

Pembeni: Na mimi nina kesi ya choo cha pamoja, nifungue uzi au niweke hapa hapa?

Ndundu: Weka hapa hapa mkuu.