Tuko Goma, tunataka kulala Kinigi tupande volkano, tuanze na gani?

mtoto_wa_birere
Jambo bandugu. Tuko vijana wanne wa huku Goma, mwezi wa saba tunataka kuvuka twende kwa shangazi yangu Kinigi, kule juu ya Musanze, tulale kwake siku kadhaa tupande milima. Tangu utoto tunaangaliaka ile milima kila asubuhi kama mawingu haijafunika, Nyiragongo hapa mgongoni, Mikeno na Karisimbi kule pembeni, lakini hakuna hata mmoja wetu alishaweka mguu. Nyiragongo siku hizi usalama hakuna, kila mtu anajua, njo maana tunaangalia upande wa Rwanda.

Sasa ni mabishano kila jioni. Mmoja anasema tuende straight Karisimbi ju njo ndefu kuliko zote, ukishapanda ile hakuna mtu atakuongelesha tena. Mwingine anataka Bisoke ju ya ile ziwa iko juu. Mimi nilikuwa nafikiri Muhabura, inaonekana vizuri, imechongoka. Mazoezi yetu ni mpira ya jioni, basi. Na mama yangu anasema kule juu kuko mazuku, ile gesi ya kutoka ardhini, itatuua, hataki hata kusikia. Mwenye anajua atwambie ukweli, na tubebe nini, pesa haiko mingi.

DadaWaMusanze
Karibuni sana mdogo wangu, mimi ni wa Goma lakini nakaa huku Musanze, na shangazi yako kukaa Kinigi hapo mko na bahati kweli, ju ofisi ya parki iko palepale Kinigi na watu wanakusanyika asubuhi saa moja, wenye wanalala mjini wanaamka usiku kutafuta gari, ninyi mtatoka kwa shangazi na chai ya moto tumboni.

Kwanza mjue hakuna kupanda kienyeji. Zote tatu ziko ndani ya parki, lazima permi, lazima gide wa parki, na askari wanawasindikiza ju ya nyati. Bei siandiki hapa, inabadilika, na bei ya mwenyeji na ya mgeni si moja, kwa hiyo mtume shangazi aende kuuliza kwa mdomo, msilipe mtu yeyote wa kwenye simu mwenye anasema "nitawapangia". Vitambulisho vya kuvuka nayo muulize mapema pale barrière ya mpaka. Kutoka Gisenyi mpaka Musanze ni kama kilomita 60, lami nzuri, hiyo haina shida.

Mlima: mimi nasema Bisoke. Ni mita 3711, unapanda unashuka siku moja, mara nyingi saa tano mpaka saba zote pamoja kama kundi haina mtu mzito. Lakini msidanganywe na neno "siku moja". Kwanza mnapita mashamba ya viazi na pareto mpaka kwenye ukuta wa mawe wa parki, mnaruka ukuta, na hapo njo matope inaanza. Si matope ya barabara ya Goma. Ni nyeusi, inafika kwenye magoti, inavuta kiatu kama mtoto mwenye hataki umwache, mguu unatoka, kiatu kinabaki. Pembeni ya njia kuko majani ya kuwasha marefu kuliko mtu, ukiteleza ukashika lile jani utalia mbele ya wenzako. Vaeni glavu, hata zile za kazi ya mjengo. Juu mkifika kama mawingu imekubali mtaona ziwa ya duara ndani ya shimo ya volkano, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ju mpaka unapita palepale juu. Kama mawingu imekataa mtaona ukungu mweupe na mtarudi, hakuna wa kurudisha pesa.

Mkichoka sana kesho yake kuko ile njia ya kaburi ya Dian Fossey, yule mama wa Marekani wa masokwe aliuawa mwezi wa 12 mwaka 1985, amezikwa kule Karisoke, kituo chake, katikati ya Karisimbi na Bisoke, karibu na sokwe wake Digit. Ile njia si rahisi sana lakini haifikii Bisoke.

Kadutu_243
Watu wa Goma bwana 😂 mumekaa kwenye mawe ya volkano yote flat halafu munataka Karisimbi. Njooni Bukavu mupande tu kutoka ziwani mpaka Kadutu na bidon ya maji ishirini ku kichwa mara mbili kwa siku, mutakuwa tayari kwa Everest.

Bila mchezo lakini, huku kwetu iko Kahuzi, mita 3308, na Biega 2790. Kituo ya parki ni Tshivanga, kama kilomita 30 kutoka mjini. Mbele ya vita kuongezeka watu walikuwa wanapanda Kahuzi na kurudi siku moja, mianzi, mianzi, mianzi, halafu miti yenye ndevu, halafu juu kabisa upepo. Kwa mtu wa kwanza njo mlima ilikuwa inafaa. Sasa usalama sitamwambia mtu aende, hata mimi siendi. Kwa hiyo kwa hili nakubaliana na dada, Bisoke.

Muhabura musahau kwa mara ya kwanza. Ni 4127, na ile kuchongoka kwenye unaisifia ukiwa chini njo itakuua magoti, inapanda tu, haina mahali pa kupumzika.

portere_wa_kibati
Vijana, mimi nilibebaka mizigo ya watalii ku Nyiragongo miaka mingi, mbele lava ya 2021 haijashuka. Nataka kuongea ju ya ile mazuku, sababu naona hakuna mwenye amemjibu mama yenu na mama iko na haki ya kujibiwa.

Mazuku ni gesi nzito, kaboni dayoksaidi, inatoka ndani ya ardhi na sababu ni nzito kuliko hewa inalala chini, ndani ya mashimo na mabonde, sanasana asubuhi mapema kama hakuna upepo. Njo maana huku kwetu pembeni ya ziwa unakuta mbuzi imekufa ndani ya shimo na mtu mrefu amesimama pembeni haijamfanya kitu, akiinama kuichukua naye anaanguka. Ile ni hatari ya chini, ya Goma, ya Sake, mahali watu wanajenga nyumba. Na kama anaogopa mlipuko, Bisoke ililipuka mwisho 1957, na hiyo pia haikuwa ku kilele, ilikuwa mbali upande wa kaskazini. Ku Nyiragongo juu ndiyo, moshi ya kibiriti ilikuwa inageuka na upepo, tulikuwa tunafunika pua na kitambaa kimelowa na kusogea upande ingine ya ukingo. Kwa hiyo mwambieni mama: kule munaenda, ile yenye anaogopa iko hapa nyumbani zaidi kuliko kule.

Lakini yeye hajakosea kabisa. Kule juu mtu anakosa hewa kwa njia ingine. Nilishaona kijana mkubwa wa mazoezi, mabega kama mlango, anafika kwenye vile vijumba vya juu anatapika na kichwa kinampasuka, na mzee mmoja mzungu mwembamba anatembea polepole na fimbo yake anafika anaomba chai. Yule kijana alikimbia tangu Kibati, kule chini njia inaanzia. Nyiragongo unapanda karibu mita 1500 kwa siku moja, mwili haupendi hiyo.

Mwana_Arusha
Aisee huyu mzee ameongea. Naongezea kidogo maana mimi kazi yangu ni hukuhuku Kilimanjaro.

Nyinyi mnakaa mita 1500 hivi, siyo mbaya, mmezoea hewa nyepesi kidogo kuliko mtu wa Dar, ila hiyo isiwape kiburi. Ukiwa 4500 kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni kama asilimia 58 tu ya ile ya pwani. Sasa Karisimbi ni 4507 na watu wanaipanda siku mbili, wanalala kambi iko kama 3700. Piga hesabu, asubuhi uko Kinigi kwenye 2200 hivi, jioni unalala 3700, usiku huohuo au alfajiri unaenda 4507. Huku kwetu njia ya Machame mtu analala kwenye elfu tatu hivi kwanza, kesho yake kambi ya Shira 3800 na kitu, siku ya tatu anapandishwa mwamba wa Lava Tower 4600 halafu anashushwa kulala kambi ya Barranco chini ya elfu nne. Panda juu lala chini, ndo mchezo mzima. Karisimbi haina nafasi ya huo mchezo, fupi mno. Ndo maana nasema siyo ya kuanzia, japo ni chini ya Kili kwa zaidi ya mita elfu moja.

Dalili: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi hauji, hiyo bado unaweza kukaa hapohapo bila kuendelea kupanda. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anaongea ovyo, au anakohoa na kuhema hata akiwa amekaa, hapo hakuna mjadala, anashushwa usiku huohuo, msingoje kukuche. Panadol inaficha kichwa tu, haikutibu. Na gide mwambieni ukweli, vijana wengi wanaficha kwa sababu ya aibu mbele ya wenzao.

Baridi nayo, kila mita elfu moja joto linashuka kama digrii sita. Goma ikiwa 20, juu ya Karisimbi ni kama 2 mchana, usiku inaganda.

mtoto_wa_birere
Aksanti sana wote. Nimemsomea mama ile ya mazee portere yote, amenyamaza kidogo halafu anasema "na huyo mzungu mwembamba alikuwa na miaka ngapi?" kwa hiyo nafikiri tumeshinda 😅 Muhabura nimeacha. Yule wa Karisimbi bado ananung'unika, anasema atarudi peke yake mwaka kesho, sawa, kwanza amalize Bisoke.

Swali moja la mwisho: viatu. Botini za kweli hatuna, sokoni wanauza za mtumba lakini bei iko juu. Tuko na raba za kuchezea mpira na mmoja iko na bote za plastiki za mvua. Tutafanya nini?

DadaWaMusanze
Bote za plastiki! Watu wengi huku wanapanda nazo na wenye botini za dola mia mbili wanabaki wanawaangalia. Raba hapana, matope itazila. Kinigi kuko watu wanakodisha bote, shangazi atawaonyesha, mjaribu kabla ya siku yenyewe.

portere_wa_kibati
Sawa na dada. Bote ya plastiki kwa matope iko nzuri, shida yake ni kushuka, mguu unateleza mbele ndani yake na kucha za vidole vikubwa zinakuwa nyeusi. Kwa hiyo muvae soksi mbili, moja nyepesi ndani na moja nzito juu, mukate kucha siku mbili mbele, na yule wa bote kubwa atie kitambaa nyuma ya kisigino. Fimbo munanunua palepale kwenye mwanzo ya njia, watoto wanauza za mianzi, uigonge chini kwanza kabla ya kulipa. Ikilia tupu tupu imepasuka ndani, chukua ingine.