MREJESHO: Kuwatuza wanafunzi bila zawadi kwenda kwa wale wale

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kutambua juhudi za wanafunzi wa sekondari bila zawadi kuishia kwa vinara wa darasa, na bila hafla kuchosha watu. Asanteni sana, mmenisaidia mno.

Tuzo ya maendeleo, yaani ya mwanafunzi aliyepanda kutoka alama zake za awali, ndiyo imefanya kazi kuliko zote. Ushauri wa kutoangalia alama zilizopanda peke yake ulikuwa wa maana: gawanya ongezeko kwa alama zilizokuwa zimebaki kufika 100. Aliyetoka 30 hadi 45 anapata 15/70, yaani 0.21, aliyetoka 85 hadi 90 anapata 5/15, yaani 0.33. Bila hesabu hiyo, wa juu hawaonekani kabisa.

Vyeti: bandika orodha ya majina ubaoni, kila mwanafunzi asaini mbele ya jina lake kuthibitisha limeandikwa sawa kabla hamjachapa. Siku yenyewe waketi mstari wa mbele kwa mpangilio wa kuitwa, vyeti vipangwe hivyo hivyo, na jina linalofuata lisomwe wakati aliyetangulia anapeana mkono. Hafla ilikwenda haraka, na makofi hayakupoa.

Sanduku la kupendekeza wenye tabia njema limegoma. Wanafunzi walipigia debe marafiki zao tu. Fomu ya mwalimu wa zamu yenye "alifanya nini, lini, nani aliona" imesaidia kiasi, ila wale wakimya, kama anayepanga vitabu maktaba kila jioni, bado wanasahaulika. Mwenye mbinu kwa hao aiweke hapa.